Jasho lisilokauka

Ndugu wafanyakazi, wengi husema: «Sisi ni watu wa jua, joto hili tumelizoea.» Mimi sikubali. Mwaka 2024 dunia ilipata joto kuliko mwaka wowote uliopimwa, karibu digrii 1,5 juu ya ile ya miaka 1850 hadi 1900. Mwili hupoa jasho likikauka. Hewa ikifika digrii 35 na kujaa unyevu kabisa, jasho latiririka bure. Hata kijana mzima, amekaa kivulini na maji yake, anaweza kufa baada ya saa kadhaa. Mwenye kuchimba huzidiwa mapema zaidi, na kule shimoni unyevu haukosi. Basi saa za kazi nzito zibadilishwe. Na kapita asimwite mvivu mtu mwenye kizunguzungu: amlaze penye ubaridi, ammwagie maji, ampepee mpaka tufike.