Kikombe cha Tochi na Giza la Ukambani

Huko Kitui na Makueni nguzo za umeme zimefika masokoni, lakini nyumba nyingi za mbali zingali gizani. Kwa watu hao tochi si pambo. Kifutu hulala njiani asijitikise, na amkanyagaye huenda akapoteza mguu au roho. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa.

Si ajabu basi mtu kujiundia tochi kwa betri, waya na mkebe. Ugumu hauko katika waya, uko katika kile kikombe king'aacho nyuma ya glopu. Kiwandani plastiki hupakwa mvuke wa alumini ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Nyumbani hubandikwa jaribosi, upande ung'aao ukitazama nje. Ikikunjamana, mwanga hutawanyika. Ikinyooka, na glopu ikakaa mahali pake hasa, mwanga hufika mbali kwa betri ile ile. Elimu hii si ngeni kwetu: Ibn al-Haytham wa Basra aliandika juu ya vioo vya umbo hilo yapata miaka elfu iliyopita.

Kiwanda cha betri cha Eveready, Nakuru, kilichofunguliwa 1967, kilifungwa 2014. Mikono ya mafundi imebaki. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya kaunti, basi navifundishe kazi hii. Nasi wa pwani tusiucheke mkebe huo: umeme ukikatika, giza ni lile lile.