Bei za Kampuni Zilizoondoka: Barua ya Wazi kwa Soko la Hisa la Nairobi

Kwako Mkurugenzi Mtendaji,
Soko la Hisa la Nairobi (NSE).
Nakala kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA).

Nakuandikia kuhusu kampuni ambazo hazimo tena kwenye orodha yako ya bei ya kila jioni: AccessKenya, CMC Holdings, Rea Vipingo, National Bank, KenolKobil, ARM Cement. Nyingine zilinunuliwa, nyingine zilifilisika. Ombi langu ni moja, nalitaja mapema ili usilazimike kulitafuta: fungua kwa umma, bila malipo, kumbukumbu kamili ya bei za kila kampuni iliyowahi kuuzwa sokoni kwako kisha ikaondolewa, pamoja na maelezo ya yote yaliyozipata hisa zake.

Utauliza ni nani anayetaka bei za kampuni isiyouzwa tena. Wako wengi. Katika nyumba nyingi nchini kuna bahasha ya kaki yenye vyeti vya hisa vya zamani, ambavyo mwenyewe hakuwahi kuvipeleka kwa dalali viingizwe kwenye akaunti za kielektroniki zilizoanzishwa mwaka 2004. Mzee akifariki, watoto huenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na fomu huwataka waorodheshe mali na thamani yake. Hisa za Safaricom hazisumbui, bei yake inajulikana na kila mtu. Lakini cheti kikiwa cha Kenya Oil, jina ambalo kijana wa leo hata hajalisikia, familia itaanzia wapi? Kwanza lazima ijue kwamba Kenya Oil ndiyo iliyokuja kuitwa KenolKobil, na kwamba KenolKobil ilitoka sokoni mwaka 2019 baada ya kununuliwa na Rubis ya Ufaransa kwa Sh23 kila hisa.

Nikae kidogo kwenye mfano huo, maana unaonyesha kwa nini bei tupu haitoshi. Tuseme mtu alinunua hisa 100 za Kenya Oil kwa Sh100 kila moja kabla ya mwaka 2010. Alitoa Sh10,000. Mwanawe akipekua magazeti ya zamani ataiona hiyo Sh100, kisha ataiona Sh23 ya Rubis, na atasema baba alipoteza zaidi ya robo tatu ya fedha zake. Atakuwa amekosea kabisa. Mwaka 2010 kila hisa moja ya kampuni hiyo iligawanywa kuwa 10. Hisa 100 zikawa 1,000, na 1,000 kwa Sh23 ni Sh23,000, bila kuhesabu gawio la miaka yote hiyo. Bei zote mbili ni za kweli, ila aliyeziweka ubavu kwa ubavu bila kutaja mgawanyo amemdanganya msomaji bila kuandika hata tarakimu moja ya uongo.

Ndiyo sababu nasema kumbukumbu ninayoiomba isiwe rundo la namba tu. Kila mgawanyo wa hisa, kila hisa ya bonasi, kila toleo la hisa mpya kwa wanahisa waliopo, kila gawio na tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa watakaolipwa, vyote viandikwe pembeni ya bei. Iwepo bei iliyotangazwa siku ile ile, na kando yake iwepo bei iliyorekebishwa kulingana na mabadiliko hayo. Mtu achague mwenyewe. Anayeshughulikia mirathi atataka ile ya kwanza, kwa kuwa anaulizwa hisa zilikuwa na thamani gani siku mzee alipofariki. Anayetaka kujua kama uwekezaji ulilipa atataka ya pili.

Tena iwepo idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Soko letu lina kampuni ambazo wiki nzima hupita zikauzwa hisa mia mbili tatu. Bei iliyowekwa na mauzo madogo namna hiyo haina uzito wa bei iliyotokana na mauzo ya mamilioni, lakini kwenye jedwali zinafanana. Na wakati mwingine idadi husema mengi kuliko bei yenyewe: Oktoba 2018 Rubis ilitangaza nia ya kuichukua KenolKobil, na CMA ikaingia kuchunguza ununuzi wa hisa hizo uliofanyika siku za kabla ya tangazo. Mwananchi anayetaka kuelewa uchunguzi ule ulihusu nini anahitaji kuziona siku zile kwa macho yake.

Halafu kuna namna kampuni inavyotoka. AccessKenya iliuzwa kwa umma mwaka 2007 kwa Sh10, ikanunuliwa na Dimension Data mwaka 2013 kwa Sh14. Sh4 za faida kwa miaka sita, na shilingi ya 2013 haikuwa na nguvu ya shilingi ya 2007. National Bank haikuishia kwa fedha taslimu: mwaka 2019 benki ya KCB iliyoinunua ilitoa hisa yake moja kwa kila hisa 10 za National Bank, kwa hiyo aliyeshika cheti cha National Bank hana haja ya kutafuta bei ya mwisho, anahitaji kufuata bei ya KCB na kugawanya kwa 10. ARM Cement nayo ilisimamishwa sokoni Agosti 2018 ikiwa chini ya wasimamizi. Kiwanda cha Athi River kikaenda kwa National Cement, cha Tanga kikanunuliwa na Huaxin ya China, na wanahisa wakabaki mikono mitupu. Bei ya mwisho ya ARM ilibaki palepale kama saa iliyokwisha betri, na asiyejua angedhani bado ina maana.

Kampuni tatu, miisho mitatu, na katika orodha ya leo zote zinafanana: hazipo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Rea Vipingo, labda kwa sababu mashamba yake ya mkonge yako huku kwetu Pwani, Kilifi. Mwishoni mwa 2013 wenye hisa nyingi walitaka kuitoa kampuni sokoni, wakawapa wengine Sh40 kwa kila hisa. Kampuni ya uwekezaji ya Centum ikaingia kwa Sh50. Pakazuka mnada, na mwisho wa mnada bei ilikuwa Sh85. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya bei ya kwanza, kwa kampuni ile ile na katani ile ile. Ingekuwa Centum haikutokea, wanahisa wadogo wangeambiwa Sh40 ni neema, iko juu ya bei ya soko, na wengi wangeamini. Kuwa juu ya bei ya soko si ushahidi kwamba bei ni ya haki, hasa kwa hisa ambayo haiuzwi mara kwa mara. Lakini hoja hiyo hutolewa katika karibu kila ununuzi, na huja na asilimia iliyopimwa dhidi ya kipindi alichokichagua mnunuzi mwenyewe.

Kwa upande wa kulinganisha bei, CMC ilikuwa mbaya zaidi. Ilisimamishwa Septemba 2011 kwa ugomvi wa wakurugenzi, na Al-Futtaim ya Dubai ilipokuja na Sh13 kwa kila hisa, hapakuwa na bei ya soko ya kulinganisha kwa zaidi ya miaka miwili. Mwanahisa angeegemea nini isipokuwa historia?

Na sheria haimpi mwanahisa mdogo nafasi ya kung'ang'ania milele. Chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, mnunuzi akishapata asilimia 90 anaweza kuchukua hisa zilizosalia kwa lazima. Sina ugomvi na kanuni hiyo, biashara haiwezi kusubiri mtu mmoja asiyepatikana. Lakini unapomlazimisha mtu auze, angalau mwonyeshe miamala iliyotangulia: kampuni nyingine zilizotoka sokoni zililipwa kiasi gani, bei zao zilikuwa zimetembea vipi miaka mitano au kumi kabla, nani alisubiri na nani aliharakisha. Mwishoni mwa 2024, Amsons ya Tanzania iliichukua Bamburi kwa Sh65 kila hisa. Bado watakuja wengine.

Kuna jambo jingine, na hili linawahusu vijana wanaofundishwa kuwekeza kupitia simu. Ukitazama kampuni zilizo sokoni leo tu, utadhani hisa za Nairobi hazifi. Kampuni iliyoanguka huondolewa kwenye fahirisi ya soko na nafasi yake hupewa iliyo hai. Mwalimu anayechora mchoro wa miaka 20 kwa kampuni zilizobaki peke yake anawafundisha wanafunzi wake kwamba hatari ni ndogo kuliko ilivyo. Kampuni zilizoanguka, kama ARM na Deacons, zimo katika historia ya soko hili, ziwemo na katika data yake.

Najua jibu linaloweza kutolewa. NSE si ofisi ya serikali, ni kampuni iliyouza hisa zake kwa umma mwaka 2014 kwa Sh9.50, ina wanahisa wanaotaka gawio, na data ni bidhaa yake. Sawa. Watoze mabenki na mifuko ya uwekezaji bei ya data ya leo, na walipe. Lakini bei za kampuni iliyokwisha kuondoka zina wanunuzi wachache mno kuweza kuwa tegemeo la mapato, na wanaozihitaji zaidi ni wajane, mayatima na wanafunzi. Madalali wa Nairobi wamekuwa na chama chao tangu 1954, enzi ambazo hisa za Tanganyika na Uganda pia ziliuzwa hapa. Kumbukumbu za miaka hiyo ni mali ya kanda nzima, hata kama makabati yana mwenyewe.

Anza na kampuni zilizoondoka tangu mauzo ya kielektroniki yalipoanza mwaka 2006, maana bei zao za tangu wakati huo hazihitaji mtu kukaa na vitabu vya karatasi. Kila moja ipewe ukurasa wake: majina yake yote ya zamani, bei na idadi ya kila siku, mabadiliko ya hisa, tarehe ya kusimamishwa, tarehe ya kuondolewa, aliyenunua, alicholipa, na ofisi ambako mwanahisa ambaye hajalipwa ataulizia, ikiwemo Mamlaka ya Mali ya Fedha Isiyodaiwa. Za karatasi zifuate, hata kama itachukua miaka. Na CMA, ambayo nakala hii inaifikia, iweke sharti kwamba hakuna kampuni itakayoruhusiwa kuondoka sokoni kabla ukurasa wake haujakamilika na kuwekwa wazi.

Wako,
Mwanahisa mdogo,
Mombasa.