Nyanya za Kilosa hupasuka kwa maji, si kwa mbegu pekee

KILA mvua za kwanza zinapokatisha kiangazi wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, wakulima wa nyanya hurudi kwenye malalamiko yale yale. Tunda lililokuwa zima jioni hukutwa asubuhi lina ufa kuzunguka kikonyo, na mnunuzi anayesubiri Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, hulikataa au hulichukua kwa bei ya kutupa.

Lawama za kwanza humwangukia muuza mbegu, za pili muuza dawa. Zipo nyakati lawama hizo ni za haki. Hata hivyo, elimu ya mimea inaonyesha kuwa mara nyingi kiini cha tatizo ni namna tunda lilivyopata maji.

Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji. Maji hayo yamo ndani ya chembehai na husukuma kuta zake kuelekea nje, huku ganda likizuia msukumo huo. Wakati wa ukame tunda hukua polepole, na ganda hukomaa na kupoteza uwezo wa kunyumbuka. Mvua kubwa ikinyesha ghafla, mizizi hunyonya maji mengi kwa saa chache, nyama ya ndani hutanuka, na ganda hushindwa kwenda nayo.

Maji hupenya pia moja kwa moja kwenye tunda. Juu ya ganda lipo tabaka jembamba lenye nta, lakini tabaka hilo huwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, na eneo la kikonyo ni mlango mwingine.

Kuiva kwenyewe huongeza udhaifu. Gesi ya ethilini, ambayo tunda hujitengenezea, huchochea vimeng'enya vinavyovunja pektini, gundi inayoshikanisha chembehai. Ndiyo maana nyanya nyekundu hupasuka upesi kuliko ya kijani, ingawa zimenyeshewa mvua moja.

Kinachoipa gundi hiyo nguvu ni madini ya kalsiamu. Madini haya husafiri pamoja na maji na huelekea zaidi kwenye majani, ambayo hupoteza maji mengi hewani, hivyo tunda huambulia kidogo. Shamba linalomwagiliwa leo na kuachwa likauke kwa siku nyingi hulinyima tunda hata hicho kidogo. Kasoro hiyo hiyo huchangia kuoza kitako.

Nchini Ujerumani, Moritz Knoche na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leibniz, Hannover, wamechunguza cheri na kueleza kuwa ufa hufunguka kama zipu. Chembehai chache zikipasuka, asidi yake huondoa kalsiamu kwenye kuta za jirani, nazo huachana moja baada ya nyingine.

Hatari shambani, hasara safarini

Kuchuma hakumalizi tatizo. Nyanya iliyochumwa alfajiri ikiwa na umande imejaa maji, na hupasuka kwa kugongwa kidogo. Kutoka Mikumi hadi masoko ya Dar es Salaam, kama Ilala, ni takriban kilometa 300, na sehemu ya safari hupita katika Hifadhi ya Mikumi, kwenye matuta yaliyowekwa kuwanusuru wanyama. Kwa nyanya iliyo chini ya tenga lililojazwa hadi juu, kila tuta ni pigo.

Ufa ukitokea, ukungu hupata njia. Juisi hulowesha matunda mengine, na tunda lililojeruhiwa hutoa ethilini zaidi, ambayo huharakisha kuiva kwa jirani zake. Ghala lenye joto na unyevu mwingi huzidisha hali hiyo. Ndizi nazo huchanika maganda zikiivishwa katika chumba cha namna hiyo.

Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa theluthi moja ya chakula duniani hupotea au hutupwa. Kwa mkulima mdogo, hasara hiyo huja kama punguzo ambalo dalali humkata kwa kila tenga, wakati mkopo wa pembejeo haupungui.

Hatua za kupunguza hasara zinafahamika: kumwagilia kwa kipimo kile kile, kuweka matandazo ya nyasi, kuchuma tunda linapoanza kubadili rangi na umande ukishakauka, kuliweka kivulini, na kutumia kreti za plastiki. Aina za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa nchini mwaka 1997, zilipendwa kwa ugumu wa tunda na kukaa muda mrefu bila kuharibika.

Lakini hatua hizo zina gharama. Asiye na pampu hawezi kupanga maji, na asiye na kreti hutegemea tenga la mnunuzi. Bonde la Mto Mkondoa, ambalo mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba na kukata reli, lina maji ya kupindukia msimu mmoja na uhaba msimu mwingine.

Kwa hiyo mjadala wa nyanya za Kilosa hauna budi kuhama kutoka duka la mbegu kwenda kwenye miundombinu ya umwagiliaji, maofisa ugani na vipimo vya haki sokoni. Mbegu bora katika shamba lisilo na maji ya uhakika itaendelea kupasuka, na atakayelipa ni mkulima.