"Machozi, Jasho na Damu": Je, Imesifiwa Kupita Kiasi?

Muhula huu Chama chetu cha Midahalo kilijadili hoja isemayo, "Albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay imesifiwa kupita kiasi." Waliopinga hoja walishinda kwa kura nyingi, na ukumbi mzima ukashangilia. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa, nami naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini sijaridhika.

Kwanza nikiri lililo kweli. Albamu hiyo ilitoka mwaka 2001, wakati wazazi wengi waliuhesabu muziki wa kufokafoka kuwa ni wa wahuni. Professor Jay, yaani Bwana Joseph Haule, alitumia Kiswahili chenye kueleweka na mzaha wenye mafunzo, hata watu wazima wakatega sikio. Sifa hiyo ni haki yake.

Lakini wasemaji wa upande wa pili walivuka mpaka. Walisema yeye ndiye aliyeanza kufoka kwa Kiswahili. La hasha! Saleh Jabir alikwisha fanya hivyo mwaka 1991. Mr. II alitoa albamu kadhaa kabla ya mwaka 2001. Hata Professor Jay mwenyewe alikuwa na wenzake wa Hard Blasters katika "Funga Kazi" ya mwaka 2000. Kumpa mtu mmoja sifa za wengi ni kuwadhulumu wengine.

Walisema tena kwamba albamu hiyo yaeleza maisha ya kila Mtanzania. Nimeusikiliza wimbo wa "Bongo Dar es Salaam" mara nyingi. Ni picha nzuri ya ujanja na taabu za jijini. Lakini sisi wa delta ya Rufiji hatumo: haimo mikoko, haimo kamba, haumo mpunga uliochukuliwa na mafuriko. Hilo si kosa la msanii, kwani aliimba alichokijua. Kosa ni letu, tunaongoja mtu wa mjini atuimbie.

Upo wimbo mmoja nisioweza kuupunguzia sifa, nao ni "Ndio Mzee". Mgombea anaahidi makubwa yasiyowezekana, na umati unamwitikia. Ukumbini tulimcheka sana mgombea yule, lakini hakuna aliyejicheka mwenyewe. Mimi naona dhihaka kubwa imewaelekea wanaoitikia, maana bila wao mwongo angesema peke yake.

Nilipokuwa mdogo, alikuja mgombea mmoja kijijini kwetu kwa mashua. Aliahidi zahanati, kisima na gati. Wazee waliitikia, akina mama wakapiga vigelegele, nasi watoto tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza hata swali moja. Maji yalipoanza kupwa alipanda mashua yake akaenda, wala hatukumwona tena.

Mwaka 2015 Professor Jay naye aligombea ubunge wa Mikumi akachaguliwa, akawa mbunge hadi mwaka 2020. Sisemi kwamba alifanya vema au vibaya. Nasema tu kwamba kwa wimbo wake alikuwa amekwisha wapa wapiga kura kipimo cha kumpimia yeye mwenyewe. Huo ndio ukubwa wa wimbo ule.

Baada ya mdahalo niliwauliza wenzangu sita wa benchi letu ni nani aliyeisikiliza albamu yote, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa mmoja tu. Wengine walisikia kwa kaka zao kwamba ni nzuri. Basi siku ile tulipiga kura kwa kuitikia, jambo lile lile lililokemewa na wimbo tuliokuwa tukiusifu!

Ndugu zangu, isikilizeni kwanza, kisha isifuni au ikosoeni. Na siku mgeni mwingine atakapofika kwetu na ahadi zake, kabla maji hayajapwa, asimame walau mmoja wetu amwulize: "Lini, na kwa fedha gani?"

Mwanafunzi, Kidato cha Nne