Sifuri si Utupu

Katika mazoezi ya kufundisha twawasikia wanachuo wakiwaambia watoto kwamba sifuri ni "hakuna kitu". Hatukubaliani nao.

Tarehe 1 Mei 1920, mjini Boston, Marekani, timu za Brooklyn na Boston zilicheza besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa rungu, kila timu ikipokezana zamu na mwenziwe. Brooklyn ilipata alama moja katika zamu ya 5, Boston ikasawazisha katika ya 6. Zikafuata zamu 20 bila alama, hata giza likaukomesha mchezo baada ya zamu 26. Warushaji Leon Cadore na Joe Oeschger hawakupumzishwa kamwe. Hesabu ya siku ile ilikuwa na sifuri 50, na kila moja ilitolewa jasho.

Mwalimu atakayepangiwa Njinjo, wilayani Kilwa, hahitaji besiboli (nani atampa rungu na glavu?). Rede yatosha. Achore miraba mchangani, watoto wajaze alama za kila zamu, na asiyepata aandike sifuri kwa mkono wake. Mraba mtupu wasema hatukucheza. Wenye sifuri wasema tulicheza. Mtoto asiyeiona tofauti hiyo ataandika 25 mahali pa 205, nasi tutamwita mzembe.