Yesu Hakuwalaani Wajawazito

Mwandishi aliyewaambia akina mama wa Nyashimo kwamba Mathayo 24:19 ni laana kwa wanaozaa siku za mwisho amekosea, tena vibaya. Luka 21, inayosimulia maneno hayo hayo, inataja Yerusalemu iliyozingirwa na majeshi. Mwaka 70 Titus aliubomoa mji huo pamoja na hekalu. Yesu aliwahurumia wenye mimba na wanaonyonyesha kwa kuwa hawawezi kukimbia upesi. Aya inayofuata, Mathayo 24:20, inataka watu waombe wasikimbie wakati wa baridi. Laana gani hujali baridi?

Tabu hiyo ipo hata siku zetu. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, Kongo, wanawake walikimbia kambi za wakimbizi, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Wakongo wengi waliofika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, walikimbia hivyo hivyo. Wanawake kama hao ndio aliowalilia Yesu. Mwandishi atamke hadharani kwamba hawana hatia.