Kuishi India Bila Kuiona India



Katika jumuiya zetu ndogondogo hukosi familia yenye mtu wake India. Mmoja amekwenda kusomea ufamasia au kompyuta kwa miaka mitatu au minne. Mwingine amemsindikiza mgonjwa wa moyo au wa figo, akajikuta amekaa miezi. Wakirudi tunawauliza India ikoje, nao wengi hututajia joto, pilipili, na chuo au hospitali. Baada ya hapo maneno yamekwisha. Kwa maoni yangu, mtu kuishi katika nchi miaka mitatu bila kuiona ni hasara kubwa, na wazazi wengi huichangia hasara hiyo wanapomwaga kijana wao kwa agizo moja tu: usitoketoke.

Watoao agizo hilo hudhani kwamba matembezi ni anasa ya watalii. Lakini kwa mgeni anayekaa, matembezi ni shule ya pili, tena shule yenye ada ndogo. Sisemi habari ya kukodi gari lenye kiyoyozi na dereva, kupiga picha mbele ya Taj Mahal na kurudi. Nasema habari ya kupanda kile wanachopanda wenyeji.

Tuanze na treni. Tarehe 16 Aprili 1853 treni ya kwanza ya abiria nchini humo ilitoka Bombay, ambayo leo ni Mumbai, ikafika Thane, mwendo wa kilometa 34. Leo mwanafunzi anayepanda treni za mjini Mumbai huweza kuingia na kutoka katika stesheni kuu ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Tiketi yake ya safari yatosha kumwonyesha jengo hilo. Humo atawaona pia wale wachukuzi mashuhuri wa chakula cha mchana, wanaokusanya vyombo majumbani na kuvifikisha maofisini, kila chombo kwa mwenyewe.

Katika treni za masafa marefu kuna utaratibu uitwao RAC. Abiria aliyekosa kitanda kizima hupewa nusu ya kitanda cha chini cha pembeni, akakaa ana kwa ana na mtu asiyemjua, mpaka hapo msafiri mwingine atakapofuta safari yake. Pengine usiku mzima watu wawili wasiojuana hugawana nafasi ya mtu mmoja. Ni darasa gani la chuo litakalomfundisha kijana uvumilivu namna hiyo?

Humo Mswahili hugundua pia kwamba si mgeni kama alivyodhani. Mchuuzi hupita akinadi chai, na neno ni lile lile. Gari, laki, chapati, pesa: maneno haya yalivuka bahari kutoka huko yakaja kukaa kwetu. Hata bajaji tunayoipanda kila siku ilipata jina lake kutokana na kampuni ya Pune, ingawa wao wenyewe huiita «oto».

Aidha, ziko alama za watu wetu ambazo asiyetembea hatazijua kamwe. Anayekwenda kuona mapango ya Ellora, na lile hekalu la Kailasa lililochongwa katika mwamba mmoja kuanzia juu kwenda chini, asogee kidogo hadi Khuldabad. Huko amezikwa Malik Ambar, Mwafrika aliyezaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani, akapanda hadi kuwa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar, na kufariki mwaka 1626. Jiji la Aurangabad, ambalo mwaka 2023 lilibadilishwa jina na kuitwa Chhatrapati Sambhajinagar, ndiye aliyeliasisi. Huko Ahmedabad, madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama lesi yanauvutia umati kwenye msikiti wa Sidi Saiyyed, Mhabeshi mwingine. Na Mkatoliki atakayefika Goa katika Basilika ya Bom Jesus, mahali ulipohifadhiwa mwili wa Mtakatifu Fransisko Ksaveri, akumbuke kwamba mtakatifu huyo alipita Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda huko huko Goa. Kijana Mwafrika anayesoma akiwa mpweke, akitazamwa barabarani kama kioja, anahitaji kujua kwamba wa kwao walifika kabla yake, na kwamba waliacha majina.

Najua pingamizi ni mbili. La kwanza ni fedha. Ni kweli kwamba viingilio huumiza: Taj Mahal, katika miaka ya karibuni, mgeni ametozwa rupia 1,100 pale ambapo Mhindi ametozwa 50. Basi aione mara moja, asiende siku ya Ijumaa maana hufungwa, na siku nyingine aende pasipo na kiingilio. Anayemwuguza mgonjwa Chennai yuko karibu na ufuko wa Marina, na hapo jirani lipo kanisa la San Thome, ambalo mapokeo husema limejengwa juu ya kaburi la Mtume Tomaso. Saa mbili za upepo wa bahari zitamrudishia muuguzaji nguvu ambazo mgonjwa wake anazihitaji.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni hofu. Hatujasahau kwamba mwishoni mwa Januari 2016, mjini Bengaluru, binti wa Kitanzania alishambuliwa na umati kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na mtu mwingine, ambaye hakuwa hata raia wa nchi yake. Mwaka 2017 wanafunzi wa Kinigeria walipigwa Greater Noida. Mzazi anayeogopa ana sababu, wala simcheki. Lakini binti yule hakupatwa na hayo kwa kosa la kutoka nje; waliokosa ni waliompiga. Na kujifungia chumbani hakumlindi mtu: kunamwacha bila njia anazozijua, bila jirani anayemjua, bila maneno kumi ya lugha ya mahali. Mtu anayefahamika kwa muuza chai na kwa dereva wa oto ana walinzi ambao aliyejificha hana.

Basi badala ya «usitoketoke», tuwape maagizo yenye faida. Mwenye viza ya zaidi ya siku 180 ajiandikishe kwa wakuu wa uhamiaji ndani ya siku 14. Atembee na nakala ya pasipoti na viza. Ajue kwamba nyumba ya wageni inapaswa kutoa taarifa za kila mgeni wa kigeni serikalini, kwa hiyo nyingine ndogo humkataa. Aulize kabla ya kusafiri. Tiketi ya treni hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Wasichana watumie mabehewa ya wanawake, yaliyopo katika treni za mjini Mumbai na katika metro ya Delhi. Kabla ya kupanda oto, aulize habari ya mita au apatane bei. Hekaluni avue viatu. Waende wawili au watatu, na warudi mapema.

Mtakapompigia simu mwenenu wiki hii, msimwulize tu kama amekula na kama amefaulu. Mwulizeni amekwenda wapi, amepanda nini, amekaa na nani njiani. Akikosa jibu, mtumieni nauli.